Kesi ya polisi yalala chumbani siku tisa!

Vuta kigoda, maana wiki hii sina umbea wa mastaa wala habari za nani kamwacha nani. Nakuja na soo langu mwenyewe. Nimelibeba moyoni tangu mwaka 2020 na leo nalitua hapa hapa.

Unaukumbuka mwaka ule? Machi 16 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa corona kapatikana Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne, nipo nipo tu nyumbani hapa Dar, nyumba ya kupanga, vyumba sita, choo kimoja. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakwambia pole! Ndoo ya maji tiririka mlangoni, malimao na tangawizi ndiyo maongezi ya mjini, watu wanajifukiza mpaka wanatoka kama wamenyeshewa mvua.

Chumba cha pili kutoka kwetu alikuwepo mtoto wa miaka saba. Tumwite Tatu, ingawa jina lake si hilo. Alikuwa analelewa na shangazi yake, mama ntilie. Shule zilipokuwa wazi, Tatu alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi mchana. Zilipofungwa, akawa na shangazi kutwa kucha. Wateja nao wakapotea, chakula kikawa kinalala, na hasira za shangazi zikamwishia mtoto.

Usiku mmoja wa mwezi wa tano nikasikia kilio. Si kile cha fimbo mbili tatu tulichokizoea. Kilikuwa kirefu, halafu kikakatika ghafla kama mtu kazibwa mdomo. Unajua nilifanya nini msomaji wangu? Niliongeza sauti ya redio. Nikajisemea, mambo ya familia za watu, mimi yananihusu nini?

Siku zikapita, Tatu haonekani uani. Ukimuuliza shangazi anakujibu, "Kajimwagia maji ya moto, nampaka asali." Na hospitali je? "Hospitali tena? Nikamchukulie corona?" Nyumba nzima tukaitikia, kweli bwana! Na woga wenyewe haukuwa wa bure. Hata Amana, ambako watu wa Ilala walizoea kukimbilia, mwezi wa nne iligeuzwa kuwa ya wagonjwa wa corona.

Siku ya tisa harufu ikatuumbua. Mama yangu, ambaye si mtu wa kuingilia ya watu, akasukuma mlango, akambeba Tatu na kanga yake, tukapanda bajaji mpaka hospitali moja ambayo sitaitaja. Nilitegemea foleni. Wapi! Mapokezi ya dharura palikuwa peupe, mabenchi yanatutazama.

Nesi alikuwa kavaa barakoa, unaona macho tu. Akafungua kitambaa, yale macho yakabadilika. Maswali yakaanza. Ilikuwa lini? Nani alikuwepo? Kwa nini siku tisa? Daktari naye akaja, akauangalia mkono, akamwambia mama taratibu, "Maji ya moto yakimmwagikia mtoto huwa yanaruka na kuchuruzika, yanaacha alama hapa na pale. Huu una mpaka kama amevaa glovu. Mkono huu umetumbukizwa. Hii ni kesi ya polisi, mama. Tunamtibu, ila PF3 itahitajika."

Nikaishiwa pozi! Mimi PF3 nilidhani ni ya watu waliopigana baa. Kumbe ile fomu ya polisi daktari anaijaza alichokiona mwilini, na ndiyo inayokwenda kusema mahakamani wakati mtoto wa miaka saba hawezi kujisemea.

Wakati tunasubiri, yule nesi akatoka kupunga upepo. Akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Tangu shule zifungwe naletewa watoto wachache. Mtu wa nje atasema mji umetulia. Lakini hao wachache, ndiyo hivi, wameshaharibika."

Nilifikiri ni maneno ya uchovu. Baadaye nikakutana na takwimu za wenzetu, nikakumbuka yale macho. Marekani, kati ya Machi 29 na Aprili 25 mwaka 2020, watoto waliofikishwa idara za dharura kwa ajili ya kuteswa au kutelekezwa walipungua kwa asilimia 53, ukilinganisha na kipindi hicho hicho mwaka 2019. Safi, siyo? Ngoja kwanza! Waliokuwa hoi kiasi cha kulazwa walikuwa asilimia 2.1 mwaka 2019, wakafika asilimia 3.2. Na kule London, hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ilipokea watoto wadogo 10 wenye majeraha ya kichwa yaliyotiliwa shaka kuwa ya kupigwa au kutikiswa, ndani ya mwezi mmoja tu, Machi 23 hadi Aprili 23. Miaka mitatu ya nyuma, hata mmoja kwa mwezi alikuwa hafiki kwa wastani.

Kwa hiyo mabenchi matupu yasikudanganye. Kilichopungua ni macho. Mwalimu ndiye anayeona mtoto kashindwa kushika kalamu. Kondakta wa daladala anaona, mwenye duka anaona, mwenzie wa dawati moja ndiye anaona kabla ya wote. Corona iliwafungia wote hao nje, ikamfungia mtoto ndani na mtu anayemuumiza. Macho yaliyobaki ni ya jirani, na jirani mwenyewe ndiyo mimi, mzee wa redio!

Na siku zinavyokwenda zinafuta ushahidi. Michubuko inafifia, mfupa unaanza kuunga wenyewe. Kwa mtoto aliyebakwa ndiyo balaa zaidi, maana dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri mapema ndivyo bora. Asiogeshwe kabla ya daktari kumwona. Nguo zake zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni, maana humo zinaoza.

Kesi ya Tatu iliishia wapi? Shangazi alichukuliwa, akahojiwa. Halafu wakaja wazee, wakakaa, "tuyamalize kifamilia." Yakaisha. Tatu akapelekwa kwa bibi yake Muheza. Juzi juzi nimemwona, kaja mjini, mrefu, anacheka. Alinisalimia, "Shikamoo dada," akanipa mkono wa kushoto. Vidole vitatu vya kulia havikunjuki. Sikujua niangalie wapi.

Shule zilifunguliwa Juni 29 mwaka ule, na corona mwaka 2023 ikaondolewa kwenye orodha ya dharura za dunia. Lakini magonjwa hayapigi hodi. Marburg imeshatutembelea Kagera mara mbili, 2023 na 2025. Siku tukiambiwa tena kaeni mbali mbali, mshkaji wangu, kaa mbali kwa mita, usikae mbali kwa masikio.

Namba ya simu kwa ajili ya mtoto ni 116, unapiga bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Na kama unaogopa kuitwa mbea, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema ni wajibu wa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa kuzifikisha kwa serikali za mitaa za eneo lake. Sheria haisemi "kama ni ndugu yako".

Tuonane wiki ijayo, nitakuja na mambo mepesi, nakuahidi. Ila usiku wa leo ukisikia kilio kinakatika ghafla, fanya hisani moja kwa ajili yangu. Punguza redio.