Kidole Hakiuzwi Dukani

Ndugu zangu wafanya kazi wa gereji,

Mauntingi ya injini ni kitu kidogo, chuma na mpira tu. Lakini ndiyo inayobeba uzito wa injini na kupunguza mtikisiko. Mpira ukilowa oili au ukizeeka hupasuka, na dereva husikia kishindo anapoachilia klachi. Hapo gari huletwa kwetu, na mwajiri husema, "Ni boliti chache tu, malizeni kabla ya saa sita."

Maneno hayo, "boliti chache tu," ndiyo yanayotuumiza. Injini ya gari dogo yaweza kupita kilo 100. Katika gereji moja niliyofanya kazi zamani, tuliinua injini kwa jeki tupu, bila ubao. Jeki ikateleza kwenye sampu yenye mafuta, injini ikashuka, na kijana aliyekuwa akipapasa tundu la boliti akapoteza ncha ya kidole. Kesho yake aliambiwa ni uzembe wake. Mimi nasema sivyo. Hakupewa vyombo, wala hakupewa nafasi.

Kazi hii ina utaratibu wake, nao haubadiliki kwa sababu mwenye gari ana haraka. Injini ipoe kwanza. Gari lisimame juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, magurudumu yatiwe kabari, na waya hasi wa betri ufunguliwe. Ikiwa lazima mtu aingie chini, gari likae juu ya stendi, maana jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Kati ya jeki na sampu uwekwe ubao mpana. Inua kidogo tu, mpaka uzito utoke kwenye mauntingi, huku mwenzako akiangalia mipira ya maji, nyaya na feni. Usifungue mauntingi mbili kwa pamoja. Tundu litafutwe kwa chuma, si kwa kidole. Boliti zote zianzwe kwa mkono, injini ishushwe ikae mahali pake, ndipo zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari hilo.

Sasa, nani anunue stendi? Wako wenzetu wanaodhani ni mzigo wa fundi. La! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imemwekea mwajiri wajibu wa kufanya mahali pa kazi pawe salama, na imemkataza kumtoza mfanya kazi gharama ya usalama huo. Tena, ukiona hatari kubwa, mwarifu msimamizi wako.

Mtasema, "Nikikataa, yuko mwingine mlangoni." Ni kweli, kwa mtu aliye peke yake. Kwa hiyo tusikatae mmoja mmoja. Gereji yenye watu 20 au zaidi yapasa kuwa na kamati ya usalama. Tuidai, na wajumbe wetu waketi humo. Na sisi mafundi wazee tuache kumcheka kijana anayedai stendi, tukimwita mwoga. Huyo ndiye mwenye akili.

Mauntingi mpya utaipata Barabara ya Kirinyaga leo hii. Kidole kipya hakiuzwi popote.

Wenu katika umoja,
Fundi Mwenzenu