Bomba Jipya, Sensa Ileile: Tusidanganyane

Wanangu wa chuo mnaopenda magari yangurume, hili linatuhusu. Muhula uliopita nilitoa hela ya bumu nikanunua bomba pana la kuingiza hewa kwenye gari aliloniachia kaka. Fundi alilifunga chapuchapu. Sensa ya hewa akaipachika bila ile raba yake ya duara. Nilipouliza akanijibu, “Itashika tu, mdogo wangu.” Kesho yake taa ya injini ikawaka, na kila nikisimama kwenye mataa gari linatetemeka, linazima.

Kosa la nani? Fundi analo, lakini hata mimi ninalo: nilinunua mlio, sikuuliza sensa itakaa wapi. Ndani ya sensa ile kuna kiwaya cha moto kinachopozwa na hewa inayopita. Kwa kupoa kwake kompyuta hujua hewa ni kiasi gani, ndipo ipange petroli. Sensa ikihamishiwa kwenye bomba pana zaidi, hewa hupita pale polepole. Kompyuta inadhani ni kidogo, inabana petroli. Hewa ikipenya kwenye tundu lisilo na raba ni balaa lilelile, maana imeingia bila kupimwa. Injini ikibanwa katika hali hiyo, inaweza kuungua.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, hakikisha kipenyo pale inapokaa sensa ni sawa na cha kiwandani, mshale wake unafuata hewa inakoelekea, na raba ipo. Hela haitoshi? Baki na boksi la kiwandani. Mlio haukufikishi kwenye paper.