Trela nyuma ya gari, breki zake ziko wapi?

Mpenzi msomaji, huenda una mjomba au dada anayeishi Ujerumani. Ukimtembelea wakati wa kiangazi, usishangae akikwambia: "Kesho tunafunga trela, tunaenda kupiga kambi milimani." Watoto watashangilia. Lakini wewe, kabla ya kupakia blanketi na sufuria, tembea hadi nyuma ya gari ukaangalie chini.

Huko Ulaya, trela ndogo ambayo uzito wake wote, mizigo ikiwemo, hauzidi kilo 750 huruhusiwa kutokuwa na breki zake yenyewe. Inategemea breki za gari pekee. Ikizidi hapo, ni lazima iwe nazo.

Na breki hizo zinafanyaje kazi bila mtu kuzikanyaga? Ni rahisi. Dereva akipunguza mwendo, trela huendelea kusukuma mbele. Msukumo huo huingiza ndani chuma kilicho kwenye mkono wa kuvutia, nacho huvuta waya zinazobana breki kwenye magurudumu. Yaani trela hujifunga yenyewe kwa nguvu ya kutaka kumpita mwenyeji wake! Zile za kisasa zimeundwa ili breki zilegee wakati wa kurudi nyuma, la sivyo usingeweza kuziegesha.

Chini ya chesisi nyingi hutakuta springi. Ndani ya ekseli mna fito za mpira zinazominywa gurudumu linapopanda na kushuka. Mojawapo ya kampuni zinazojulikana kwa kazi hiyo ni AL-KO, iliyoanzishwa na Alois Kober huko Bavaria mwaka wa 1931.

Sasa, msomaji, sikiliza kwa makini. Kuna waya mwembamba unaotoka kwenye breki ya mkono ya trela hadi kwenye gari. Wengi huudharau. Trela ikichomoka njiani, waya huo huivuta breki ya mkono kwanza, ndipo ukatike, na trela isimame. Bila waya huo, trela yenye uzito wa tani moja itateremka peke yake kuelekea kwa watoto wa wenzako. Usiufunge ukakaza sana, maana kwenye kona utabana breki. Usiulegeze hadi uburute barabarani.

Mizigo nayo? Vitu vizito viwe chini, karibu na ekseli. Ukilundika kila kitu nyuma, trela itaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Ikiyumba, usiongeze mwendo ukidhani utaishinda. Ondoa mguu kwenye mafuta polepole na ushike usukani ukiwa umenyooka. Na kumbuka, maji lita 50 ni kilo 50, yahesabu.

Kwenye mteremko mrefu wa milima ya Alps, tia gia ndogo mapema. Breki zilizochomeka kwa joto huchoka, na mlima haumsubiri mtu.

Basi usione haya kumuuliza mwenyeji wako: "Mjomba, trela hii ina uzito gani? Waya umefungwa?" Akikuona mwoga, mwache acheke. Afadhali kicheko cha asubuhi kuliko kilio cha jioni.

Tukutane Jumapili ijayo.