Darasa Linaloongea Liseme Nini?

Katika shule nyingi za msingi Tanzania, darasa la awali na la kwanza huandaliwa liwe "darasa linaloongea". Kuta huchorwa herufi, tarakimu, wanyama na matunda, na chati huning'inizwa kwenye kamba. Mgeni akiingia hupendezwa. Lakini je, mtoto wa miaka 6 anajifunza zaidi kwa sababu hiyo?

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto wa chekechea masomo ya sayansi katika chumba kilichosheheni mapambo na katika chumba chenye kuta tupu. Penye mapambo watoto walizubaa zaidi na kushika machache. Mwaka uliofuata, Peter Barrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, walitoa matokeo ya utafiti wa madarasa 153. Waliona kwamba hali ya chumba ilichangia asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka, na karibu nusu ya mchango huo ulitokana na mwanga, hewa na joto. Kuta zilizojaa mno hazikufaa, wala zile tupu kabisa.

Kwetu suala la mwanga, hewa na joto linagusa paa kwanza. Chini ya mabati yasiyo na dari, saa saba mchana watoto wanasinzia kwa joto, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Rangi haitibu hayo. Dari na madirisha mapana vihesabiwe kuwa zana za kufundishia, viingie katika bajeti tangu msingi unapochimbwa.

Baada ya paa kuna vitu vya kushika. Najua mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100, ilhali mwongozo wa serikali kwa shule ya msingi unasema 45, ataniuliza kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa zenye vitu vya kushika na kuhesabu, ataziweka wapi. Ana haki, na upungufu wa walimu hauzibwi kwa ubunifu. Hata hivyo visoda na vijiti vya kuhesabia havidai nafasi kubwa. Kundi moja linaweza kuhesabu chini ya mwembe huku jingine likisoma ndani. Mtoto anayepanga visoda kumi kwa mikono yake anaielewa kumi zaidi kuliko anayeitazama ukutani mwaka mzima.

Ukuta nao upewe watoto: majina waliyoandika wenyewe, ramani ya njia ya kuja shule, picha ya mbegu iliyoota wiki hii. Wathibiti ubora wa shule wanapokagua, wasiishie kuhesabu chati. Waulize ipi imetengenezwa na wanafunzi, na ilibadilishwa lini.