Asilimia 51 za Nini?
Wiki hii, katika vibanda vilivyo jirani na Uwanja wa Majimaji mjini Songea, jezi zinazoning'inia ni za Simba na Yanga, klabu za Kariakoo jijini Dar es Salaam, ilhali klabu ya Majimaji yenyewe, fahari ya Ruvuma iliyopata kutwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1998, ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967 zinaitaka klabu ya wanachama inayoingia katika mfumo wa hisa iwabakizie wanachama wake asilimia 51 ya hisa, na leseni ya klabu, yaani kibali cha kushiriki mashindano kinachotolewa baada ya kukaguliwa hesabu, miundombinu na watendaji, inadai bajeti inayoeleweka. Bajeti hiyo ingeweza kutoka kwa mwekezaji, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini aliyeahidi shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa za Simba alifuata umati wa mashabiki, ambao klabu ya mkoani haina. Sheria inayolinda umiliki bila kujenga mapato inawalinda wanachama wa Kariakoo, na kuwaachia wa Songea hati ya usajili isiyoweza kulipa mshahara wa mchezaji hata mmoja.