Chumba 600 na jibu la "Nilitumwa tu"



Kama leo mtu angetupatia tiketi ya ndege kwenda Ulaya, wengi wangekimbilia Paris au Bruxelles kuona maduka. Sisi tungeomba kwanza kufika Nuremberg, kule Ujerumani, kwenye nyumba kubwa inayoitwa Jumba la Haki. Mwalimu wetu wa historia alituonyesha picha zake, na tangu ile siku mwaka wa sita hawanyamazi, hata wakati wa kula.

Ndani mule kuna Chumba 600. Tangu tarehe 20 Novemba 1945 mpaka tarehe 1 Oktoba 1946, wakubwa wa Hitler waliketi pale kama washitakiwa, mbele ya waamuzi wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi ya Kisovyeti. Walikuwa na waavoka wao. Maneno yalitafsiriwa palepale katika lugha 4, na mtu akisema mbio, taa ya manjano iliwaka apunguze. (Hii taa tungeiomba kwa walimu fulani, lakini tuache.) Watu 22 walikatiwa hukumu, na mmoja wao, Bormann, hakuwapo. 12 walihukumiwa kufa, 7 kutiwa buloko, 3 wakaachiliwa. Wale 3 ndio wanatushangaza zaidi. Mwenye kutaka kisasi tu, ataachilia mtu namna gani?

Wenzetu wengine wanajibu: "Ile ilikuwa tribinali ya wenye kushinda. Barusi, nani alibahukumu?" Neno hili ni la kweli. Warusi walileta hata mashitaka ya maofisa wa Polandi waliouawa Katyn mwaka wa 1940, wakiyaweka juu ya Wajerumani, na waliowaua ni wao wenyewe. Moscow ilikubali mwaka wa 1990 tu. Na juu ya watu wetu waliokatwa mikono wakati wa mpira, hakuna mkubwa hata mmoja wa Leopold II aliyepandishwa mbele ya tribinali ya mataifa.

Lakini sisi tunakataa kusema basi, ile kazi ilikuwa bure. Kama nyumba imejengwa upande mmoja, watu wanaongeza upande mwingine, hawabomoi. Mule Nuremberg ndimo iliandikwa kwamba amri ya mkubwa haimtoi askari katika kosa lake, na kwamba hata mkubwa mwenyewe anahukumiwa. Mwaka wa 2012, kule La Haye, Thomas Lubanga alihukumiwa miaka 14 juu ya kuingiza watoto wasiotimiza miaka 15 katika jeshi lake, kwetu Ituri. Bila Chumba 600, nani angemwita?

Hapa tunasema na ninyi wazi. Katika shule hii kuna wenye kujua nani alichoma nyumba za kwao. Wengine wanamwona akipita na gari, na wanainama kumsalimu. Ukimwuliza mtu wa namna ile, atakuambia: "Nilitumwa tu." Ni jibu lilelile la wale wa Nuremberg. Hata katika mabweni yetu tunalisikia, mdogo akipigwa usiku: "Bakubwa balinituma." Sisi wa kuangalia nidhamu hatulipokei tena, iwe kwa aliyepiga, iwe kwa aliyemtuma.

Kule, ushuhuda wenye nguvu zaidi ulikuwa karatasi za Wajerumani wenyewe, zenye sahihi zao. Hapa kwetu, nani anatia sahihi? Amri inatoka kwa mdomo, inaishia porini. Kinachobaki ni macho ya watu. Tarehe 28 Januari 1946, mwanamke Mfaransa, Marie-Claude Vaillant-Couturier, alisimama mule na kueleza mambo aliyoyaona Auschwitz. Mama zetu nao wameona. Wanazeeka, na hakuna anayeandika.

Kwa hiyo, tangu Jumamosi ijayo, kisha kazi ya mikono, darasa la mwaka wa sita litakuwa wazi. Mwenye kutaka alete kaye na biki. Majina ya watu yasiandikwe kwanza; tarehe, kijiji, na kile mtu alichoona kwa macho yake vinatosha. Prefe amekubali kufungia kaye hizo katika kabati ya ofisi yake.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita