Kabla Utoe Simu, Salimia Kwanza

Mchoro bora niliowahi kuchora haumo kwa ukurasa huu na sitawahi kuuweka hapa. Uko ukutani kwa nyumba ya mama mmoja huku Machakos, karibu na kalenda, na mwenyewe amesema hapo ndipo utakaa. Mtaelewa nikifika huko.

Nianze na swali naloulizwa karibu kila wiki kwa inboksi: "Buda, unatoa wapi mambo ya kuchora na uko tu Machakos?"

Hilo "tu" ndilo hunichoma. Eti sanaa iko Nairobi na sisi huku tunangoja matatu ya kutupeleka. Wasee, huu mji ulikuwepo wakati Nairobi bado ilikuwa kinamasi. Tuna Milima ya Iveti inayofunikwa na ukungu Julai mpaka unadhani mtu ameifuta na raba. Tuna Kyamwilu, ambako watu hutoka mbali kuja kumwaga maji barabarani wayaone yakipanda mlima. Tuna punda wanaobeba maji na wanajua njia kuliko wenye mikokoteni. Ukikosa cha kuchora Machakos, shida si Machakos.

Kiswahili kina neno la hiki kitu watu wananiuliza: ilhamu. Wengi wanadhani ilhamu inashuka yenyewe, kama mvua. Sasa, sisi Ukambani tunajua kungoja mvua kuliko watu wengi. Na tunajua pia kwamba mvua ikikupata hujajipanga, inapita na udongo wako na kukuachia mifereji. Ndiyo maana milima yetu imejaa matuta. Miaka ya 1930 maafisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Machakos imekwisha. Leo watu wa kilimo kutoka nchi nyingine wanajua yale matuta tunayoita "fanya juu": unachimba mtaro, unatupa udongo upande wa juu, mvua ikija maji yanabaki shambani. Kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya mwethya, na wengi humo ni akina mama wenye majembe. Hawakungoja mvua iwe nzuri kwanza ndio wachimbe.

Mimi nikisema ninajipanga kwa ilhamu, namaanisha hivyo tu. Nina daftari la shilingi thelathini. Kila siku naandika vitu kumi nilivyoona kati ya nyumbani na steji, na ni lazima viwe kumi. Vitatu vya kwanza huwa vya bure kabisa: boda, vumbi, mbwa. Ni kuanzia cha saba ndio macho yanafunguka. Kondakta anayehesabu pesa kwa ulimi nje. Viatu vya shule vimeanikwa juu ya ua wa miiba. Fundi wa viatu ambaye viatu vyake mwenyewe vimechanika. Siku nyingi sichori chochote kutoka kwa hiyo orodha, lakini siku nikikaa chini kuchora, sina njaa ya mawazo.

Na msiniambie kuhusu vifaa. Mtafuteni Rosemary Karuga. Alizaliwa 1928, akasomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo pale. Halafu akarudi nyumbani akawa mwalimu, na miaka mingi ikapita. Aliporudi kwa sanaa miaka ya 1980, umri umesonga na pesa za rangi hakuna, alichukua makaratasi ya sabuni ya Rexona na ya Blue Band, akayakatakata, akayabandika yakawa wanyama, wanawake, maisha ya kijijini. Mwaka wa 1990 kazi zake zilikuwa kwenye maonyesho New York, pale Studio Museum ya Harlem. Makaratasi ambayo wewe na mimi tungewashia jiko! Kwa hivyo ukiniambia unangoja tableti ndio uanze, nitakusikiza kwa heshima lakini sitakuamini.

Mpaka hapo ni zile habari mnapenda kusikia: ilhamu iko kila mahali, okota tu. Mimi mwenyewe nimeshaisema hapa mara nyingi. Leo nataka kuongeza sehemu ambayo sikuwa nasema, kwa sababu nilikuwa sijaijua.

Vitu vya kila siku vina wenyewe.

Mwaka jana nilikuwa sokoni Jumamosi nikaona mama akipima ndengu. Kama hujawahi kuangalia mtu akipima kwa gorogoro, umekosa. Anajaza mkebe, anaupiga kofi ubavuni ndengu zishuke, anaongeza, anapitisha mkono juu kusawazisha, na midomo yake inahesabu bila sauti. Mwili wote una mdundo. Nikatoa simu, nikajificha nyuma ya magunia ya mbaazi, nikamchukua sekunde ishirini na mbili. Usiku nikachora juu ya ile video, nikamfanya kichwa kikubwa na mkono mrefu kama wa roboti, nikaweka beat ya kuchekesha.

Kufikia Jumatatu ilikuwa imetazamwa mara zaidi ya laki mbili. Sijawahi kupata hivyo. Mwenye duka moja akanitumia ujumbe nimchoree matangazo manne, akanilipa elfu sita. Nikamwambia mamangu, si nilikwambia hii kitu italipa?

Komenti nilizisoma zote, na kusema ukweli nilicheka. "Huyo mama ni mashini." "Leso imeona vita." "Mdomo nao unatafuta mtandao." Sikuona ubaya. Kwangu alikuwa ameshakuwa mchoro.

Wiki ya pili jirani yetu, ambaye pia huuza huko sokoni, akanisimamisha getini. "Ni wewe ulichora yule mama wa ndengu?" Nikajibu kwa kiburi, eeh, ni mimi. Akaniangalia kidogo. "Msichana wake ako Form Two. Wenzake wanamfanyia hivyo na midomo darasani. Siku hizi hakuji kumsaidia Jumamosi. Anasema ataonekana."

Ningependa kuwaambia kwamba nilifuta ile video usiku huo huo. Sikufuta. Nilikaa nayo siku tatu. Nilikuwa naifungua, naangalia namba, naifunga. Nilijiambia sijataja jina lake. Nilijiambia soko ni mahali pa umma. Nikajiambia hata ni kumpatia umaarufu. Siku ya nne nikaifuta, nikaenda sokoni.

Alikuwa pale pale. Nikamsalimia, nikajieleza huku nikiangalia ndengu. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliendelea kumpimia mteja mpaka akamaliza, akapokea pesa, akafunga kwa leso, ndio akaniambia: "Mwanangu, ungeniuliza, ningevaa leso safi."

Hiyo tu. Nimesomewa makosa yangu na watu wengi kwa hii intaneti, na hakuna aliyenifikia kama huyo mama. Kwa sababu hakuwa amekataa kuchorwa. Shida yake ni kwamba nilichagua siku ya leso iliyochanika, na yeye hakujua kwamba siku hiyo ndiyo nchi nzima ingemwona.

Halafu akaniuliza, "Na wewe ulipata nini?" Nikamwambia ukweli, elfu sita. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu ya magorogoro.

Kuna kitu cha huku kwetu hunijia nikifikiria hiyo siku. Wengi mnajua Wamunyu na vinyago. Inasemekana mambo yalianza na mzee mmoja, Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Kutoka kwa mtu mmoja, ikawa kazi ya maelfu ya Wakamba, Wamunyu mpaka Nairobi na Mombasa. Lakini mti uliopendwa sana, muhugu, unakua polepole, na kila mtu alikuwa anakata. Ulikatwa mpaka ukawa adimu. Leo wachongaji wengi wamegeukia mwembe, jakaranda na mwarobaini, miti inayokua haraka na ambayo mtu anaweza kupanda kwake. Sio eti walikuwa watu wabaya. Walikuwa wanatafuta riziki, na msitu ulionekana hauna mwisho.

Sisi wa simu, muhugu wetu ni watu. Mama wa ndengu, mlevi wa steji, mtoto anayelia kwa sababu ya sindano, mzee anayesinzia kwa matatu. Tunakata tu. Na siku moja tutashangaa mbona kila mtu sokoni anafunika uso akiona kijana ameinua mkono.

Na kama hisia hazikugusi, sheria iko. Katiba yetu kifungu cha 31 inalinda faragha ya mtu, na tangu 2019 tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka wa 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa. Shule moja ikapigwa Sh4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila wazazi kukubali. Usidhani hiyo ni ya makampuni makubwa peke yake.

Najua mtanijibu nini, kwa sababu nilijijibu hayo hayo siku tatu. "Ukiuliza unaharibu, mtu anaanza kujipanga, ule ukweli unapotea." Kuna ukweli hapo, sikatai. Mtu akijua anaangaliwa hubadilika. Lakini nani alisema lazima umalize siku ya kwanza? Mimi nilirudi bila simu, na daftari tu. Akaniambia kama nitakaa hapo nisizibe wateja njia, na ninunue kitu. Nikanunua ndengu wiki tano mfululizo, nyumbani wakachoka nazo.

Kwa hizo wiki tano nikajua vitu ambavyo video ya sekunde ishirini na mbili haingewahi kunipa. Kwamba hapimi kwa macho, anapima kwa masikio: ndengu zilizokauka vizuri zinalia tofauti zikianguka kwa mkebe. Kwamba ile midomo haihesabu pesa, inahesabu madeni ya watu, kwa sababu hana daftari. Kwamba kofi la pili kwa gorogoro ni la wateja wa zamani peke yao. Mimi nilimchora kama mashini. Kumbe ndiye mtu anayekumbuka zaidi sokoni.

Kwa hivyo ruhusa haikuua sanaa yangu. Ilinifungulia mlango ambao nilikuwa nachungulia kwa tundu.

Wengine mtasema, je, wanasiasa? Hao ni habari nyingine. Gado amechora marais wetu miaka mingi, na huyo hakuhitaji kubisha hodi Ikulu. Mwenye nguvu juu yako, anayekula kodi yako, mchore vile unavyomwona. Swali langu ni rahisi: baada ya mchoro kutoka, nani anaweza kujitetea? Gavana ana watu wa kumjibia. Mama wa ndengu ana msichana Form Two.

Siwapi amri kumi, lakini mimi nafanya hivi sasa. Nikiwa natafuta mwendo au umbo tu, nachora kwa kumbukumbu na nabadilisha mpaka hata mamake asimtambue. Nikimtaka mtu mwenyewe, namsalimia, namwonyesha kazi, na akikataa nasema asante na naondoka. Watoto siwachukui bila mzazi. Na kikilipa, kuna kitu kinarudi. Zile elfu sita nilizigawa nusu. Mama alizikataa mara ya kwanza, mara ya pili akazipokea na kuniongezea ndengu juu.

Mchoro wenyewe nilimaliza Desemba. Amekaa nyuma ya magunia, mkono uko juu ya gorogoro, kichwa kimeinama kidogo, anasikiliza. Leso ni ile ya buluu, alichagua mwenyewe. Nilimuuliza kama naweza kuuweka mtandaoni. Akafikiria, akamuuliza msichana wake, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kumsaidia na hakuniangalia hata mara moja. Msichana akasema hapana.

Basi ni hapana. Najua ungepata namba kuliko ile video, na bado unaniuma kidogo, siwadanganyi.

Mkitoka leo, hesabuni vitu kumi. Na kama cha saba ni mtu, anzeni na salamu.